Maneno Matano ya Dirishani

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya dereva wa lori. Kaniambia nikukumbushe kwamba yeye ndiye anayezibeba hizi barua na mgongo unamuuma. Nimemwambia barua haina uzito, kinachomuuma ni kitambi. Huku sote wazima. Mama mzima, mimi mzima, paa tu ndilo linaumwa. Linavuja pale pale juu ya kiti chako, nadhani limekukumbuka.

Biashara inasogea. Bado niko getini kwenye kituo cha afya, chini ya dirisha la chumba namba tatu, nauza maji, ndala na bahasha za kutilia vyeti. Sasa nimeongeza vitambaa vya jasho, maana watu wakishasomewa majibu wanatoka wamelowa. Wananiita Chapchap. Juzi nilimuuzia mzee mmoja ndala, kwa haraka nikampa zote mbili za mguu wa kushoto. Kesho yake karudi, anasema moja inambana. Nikamwambia mpe muda, haijakuzoea.

Haya, ulichoandika nimekisoma. Nimesoma mara moja tu, maana barua zako mtu akizirudia anaumwa kichwa. Unasema ulipokuja mara ya mwisho Mama alikuuliza na kukuuliza kama umekula, na sahani unayo mkononi. Unasema alitia sukari kwenye ndoo ya kuogea. Dada, mimi mwenyewe naingia chumbani nasahau nilichofuata. Huo ni uzee, na uzee si kesi ya polisi. Lakini umesema Kidagaa wako haji kukaa na bibi yake mpaka bibi apimwe kumbukumbu. Sawa, atapimwa. Nimeshaongea na nesi.

Tena ni nesi huyu huyu wa namba tatu, kwa hiyo kipimo chenyewe nakijua kuliko anavyokijua yeye. Mzee anaingia, nesi anamtajia maneno matano, halafu anampigisha stori. Chora saa. Hesabu kurudi nyuma. Mnyama huyu anaitwaje? Akishamzungusha hivyo anamgeukia: yale maneno matano ni yapi? Dirisha halifungi vizuri, nasikia yote. Siku ya kwanza nilijipima kimoyomoyo nikaambulia matatu. Nikasema ahaa, ndiyo maana shule ilinikimbia.

Mama kasikia mjukuu anakuja, kafua mapazia. Jana kayafua tena. Nyumba inanukia sabuni utadhani tunaozesha mtu.

Usimpe mtoto yule wifi yako kabla hujasikia kutoka kwangu. Yule mwanamke hata kuku wake hawana furaha.

Mdogo wako,
Chapchap


26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie dereva apunguze wali, mgongo utapona. Mimi mzima. Jikoni tumebaki wapishi wanne kwa kambi nzima, mikono inanuka kitunguu hata nikiwa nimelala. Simu zetu bado zinakaa getini kwa walinzi, tunapewa siku ya kutoka tu, ndiyo maana nakusumbua na kalamu.

Sasa nisikilize bila kucheka. Mwezi uliopita mtoto wa fundi mmoja alitembea mpaka kwenye ukingo wa shimo la machimbo. Aliwahiwa. Uongozi umesema mwisho wa Aprili hakuna mtoto atakayelala tena kambini. Kidagaa hajafika miaka minne. Mchana anashinda stoo ya unga, anacheza na magunia, anatoka mweupe kama mzimu. Nikiacha kazi tutakula nini, nisipoacha namweka wapi? Milango ni miwili, kwa Mama au kwa wifi. Mama anampenda. Wifi hana mapenzi mengi, lakini akiwasha jiko anajua kaliwasha.

Ndiyo maana nataka kipimo. Na kipimo si mtihani wa shule, hakuna kufaulu. Mimi napika maharage kwenye sufuria ambalo wewe unaweza kuogea. Yakianza kuungua chini, juu yanachemka vizuri tu, yanapendeza, hata harufu haijatoka. Mpaka uzamishe mwiko hadi chini ndipo unajua. Nesi ana mwiko. Mwache auzamishe.

Sitaki jibu la kunifurahisha. Nataka la kweli, hata kama ni baya.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Shikamoo. Keti kwanza. Kama umesimama karibu na lile sufuria lako, sogea, usije ukatumbukia kwa furaha.

Mama kapata alama zote kasoro mbili. Nesi mwenyewe kasema kuna watu wa ofisini hawafikishi.

Ungemwona. Kavaa gauni la bluu, kajipaka mafuta, kakaa wima kama anapigwa picha. Nesi kamuuliza, "Mama, leo tarehe ngapi?" Mama kamtazama. "Wewe nesi mzima hujui tarehe, hizo sindano unachomaje?" Nesi kacheka mpaka kalamu ikadondoka. Wakati anaiokota Mama kaitaja tarehe, mwezi na mwaka. Tulikuwa tumeitaja njiani, mara kadhaa. Saa kachora duara kama kachukua kifuniko, mishale mahali pake.

Kuhusu maneno matano, hapo ndipo alipotisha. Kijiko, mbuzi, daraja, sabuni, zambarau. Nesi alipofika kwenye la tatu Mama akawa anataka kuendelea mwenyewe, nikakohoa, akatulia. Alipokuja kuulizwa baadaye kayamwaga yote bila kupumua. Tulijiandaa kidogo, si unajua, mtu huendi mahali pa maana bila kujiandaa. Siku ile aliamka kabla yangu, nikamsikia jikoni anayataja peke yake, kama anamsomesha mtu.

Kwa hiyo mlete. Mama kamtandikia kitanda. Kila nikitoka ananiuliza kama ndiyo naenda kumpokea.

Wifi mwambie asante, kuku wake wametosha.

Chapchap


8 Aprili

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako. Sina la kuuliza.

Kidagaa atakuja na mke wa dereva. Nguo zake ziko kwenye mfuko mwekundu. Maziwa hanywi, msimlazimishe. Giza analiogopa. Akitaka kulala anashika sikio la mtu aliye karibu naye, mwacheni ashike.

Mwambie Mama nashukuru.

Dada yako


17 Mei

Dada,

Shikamoo. Kidagaa kafika mzima, kalala njia nzima kwenye mapaja ya mke wa dereva. Masikio yangu yote mawili yana alama za kucha. Naambiwa getini nimepigana.

Mama alikuwa barabarani tangu asubuhi. Mtoto aliposhushwa tu Mama kamshika mkono: "Kasuku, umechelewa, uji umepoa." Nikacheka. Si unakumbuka wewe ndiye ulikuwa Kasuku wake, kwa huo mdomo? Basi jina limepata mrithi. Nikimwambia Mama huyu ni Kidagaa, anasema ndiyo, ndiyo, kisha anamwita Kasuku. Mtoto mwenyewe kazoea, anaitikia yote.

Anatunzwa kuliko mayai. Juzi nilirudi nikakuta kaogeshwa. Nikiwa nakula akaogeshwa tena, na kabla ya kulala tena. Anang'aa kama kiatu cha askari. Kula ndiyo usiseme. Akimaliza sahani Mama anamwona hajala, anampakulia upya. Ukija utakuta tumembadilisha jina, hatumwiti dagaa tena, tunamwita papa.

Jana kaniuliza, "Mjomba, babu anarudi saa ngapi?" Nikamuuliza babu gani. "Bibi kasema tusile nyama, babu hajatoka kazini." Sasa wewe unajua kazi aliyokwenda Baba, miaka yote hii, hairudishi mtu. Nikamwambia ana zamu ya usiku. Ningemwambiaje?

Viberiti nakwenda navyo kazini siku hizi, kwa sababu ya panya. Jiko nawasha mimi asubuhi, chai naiacha kwenye chupa. Usianze kukunja uso, najua unaukunja.

Halafu nimepanda cheo. Mama mmoja kasikia jinsi mzee wetu alivyofanya vizuri, kaja kuniomba nimwandae baba yake. Nikamwandaa pale pale chini ya mwavuli, kijiko, mbuzi, daraja, mpaka akawa anayaimba. Kaingia, katoka anacheka. Kesho yake wakaja wengine. Sasa hawaniiti Chapchap tena, wananiita Mwalimu. Mimi, niliyeachana na shule darasa la nne kwa kupatana tu. Wananunua maji wakati wanasubiri zamu, na ndala, basi.

Mama kakusalimu. Yaani kasema nimsalimie mwenye barua.

Mwalimu


11 Juni

Mdogo wangu,

Panya hawawashi viberiti.

Nimeisoma barua yako jikoni, nikaisoma tena stoo, nikakosa hata wa kumwonyesha. Unanichekesha kwenye kila mstari, na chini ya kila mstari kuna kitu kinaungua. Nijibu haya. Ukitoka asubuhi, mlango anaufunga nani? Maji ya kumwogeshea mwanangu anayapima nani joto? Mama akimwita Kasuku, anamwona nani mbele yake?

Na hao wazee wa chini ya mwavuli, wana watoto majumbani kwao? Kuna aliyeachiwa jiko, aliyeachiwa mjukuu, kwa sababu kapata maneno matano?

Siwezi kutoka. Ukitoka kabla ya likizo nafasi yako inapewa mwingine siku hiyo hiyo, nimeona kwa macho yangu. Nimemwandikia wifi, hajajibu. Alinuna nilipompa Mama mtoto, na ana haki ya kununa.

Mrudishe Mama kwa nesi. Safari hii wewe kaa nje. Hicho kikohozi chako usiingie nacho.

Dada yako


30 Julai

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Mtoto mzima. Kajifunza kuniiga ninavyoita wateja, anasimama mlangoni anauza maji ambayo hayapo.

Nimegombana na nesi. Yaani yeye ndiye kagombana, mimi nilikuwa nimekaa. Katoka mwenyewe mpaka mezani kwangu.

"Chapchap, wazee wa mtaa huu mwaka huu wana akili kutushinda sisi. Wote wanapata maneno. Hata yule aliyenikabidhi kiatu chake akidhani ni kadi ya kliniki, maneno kayapata yote."

Nikamwambia labda ni maji ninayouza.

Hakucheka. Kasema, "Unajua unachonifanyia? Kile kipimo kinanionyesha kichwani kunaanza kuharibika wapi, kabla hakujaharibika kote. Nikiona mapema namwandikia mtu rufaa, anakwenda kupigwa picha ya ubongo, familia inajipanga. Wewe umewafundisha kunificha. Wanaingia wagonjwa, wanatoka na cheti cha uzima."

Nikasema, "Nesi, mtu akiambiwa ana mtihani si anasoma?"

Kasema, "Na homa je? Utamfundisha mtu asipandishe homa?" Kisha kaenda. Jioni nikaona dirisha limepigwa misumari.

Basi maneno wameyabadilisha. Sasa hiyo nayo ni haki? Mama nilimpeleka kama ulivyotaka, nikakaa nje kama ulivyotaka. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nesi kamtajia mengine mapya, kamzungusha, kamuuliza. Mama kasema kijiko, mbuzi, daraja, sabuni, zambarau, kwa mpangilio, taratibu, huku anaangalia dirishani. Dada, alikuwa ananitafuta aone kama kapatia. Saa nayo nesi kaomba mishale mingine, Mama kachora ile ile ya mara ya kwanza, duara zuri kabisa.

Nesi kaandika karatasi ya rufaa ya hospitali kubwa. Ninayo. Nasubiri mambo yatulie kidogo. Alama sikumbuki.

Mtoto halali na Mama siku hizi, analala kwangu.

Chapchap


19 Agosti

Hukumbuki alama? Basi na wewe ukapimwe.

Wifi kajibu, kakubali. Barua hii ikikufika usikae, usinywe hata chai. Mshike mwanangu mkono, umpeleke.

Na uniambie, ngapi?


14 Septemba

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya Agosti imenifika leo. Lori lilikufa gia njiani, dereva kalala porini na mizigo yake. Simlaumu. Kidagaa yuko kwa wifi tangu wiki iliyopita, mzima, hana hata mkwaruzo. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umepumua.

Siku niliyompeleka, nilirudi nyumbani mchana kufuata bahasha, zilikuwa zimeniishia. Nimekuta Mama ametulia kwenye kiti chako, anamenya viazi. Nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Kasuku? Yuko shule."

"Shule gani, Mama?"

"Shule yake. Wewe vipi leo? Nimempeleka, nimemwacha getini, nimemwona anaingia. Mchana nitamfuata."

Unajua ilipokuwa shule yako. Waliivunja, pale ni kiwanda cha mbao. Geti ni lile lile.

Sikumbuki nilivyofika. Ndani ilikuwa misumeno inalia, huwezi kusikia hata ukipiga kelele, malori yanaingia kinyumenyume. Nikamkuta mtu wa msumeno mkubwa amezima mashine, amechuchumaa. Kaniambia kipande kilikuwa kimekwama, akazima akitoe, ndipo akasikia kwenye ule ukimya sauti ya mtoto inaongea peke yake. Alikuwa nyuma ya rundo la magogo ambayo bado hayajafungwa kamba. Amekaa, mfuko wake mwekundu mapajani, vumbi la mbao kichwa kizima.

Yule mtu alimuuliza, "Mtoto, unafanya nini hapa?"

Akasema, "Nasubiri mwalimu."

Nilimbeba mpaka nyumbani. Sikuweza kumshusha. Mama kampangusa vumbi, mpole kabisa, akasema, "Leo mlifanya usafi wa darasa?"

Hakuwa amekosea kitu, Dada. Alimfunga vifungo, alimpa kipande cha mkate, alimshika mkono kuvuka barabara. Kila alichofanya ni sawa. Mwaka tu ndio haukuwa sawa.

Jioni ile ile nilimpeleka kwa wifi. Hakucheka, lakini kampokea kwa mikono miwili, na kuhusu mimi hakusema neno, ningependa angesema.

Alama zilikuwa kumi na moja katika thelathini. Nilikuwa nakumbuka.

Nesi ameniruhusu nibaki getini, ila siyo upande ule wa dirisha. Nimewafuata wale wazee majumbani kwao, mmoja mmoja, nawaambia watoto wao wawarudishe wakapimwe upya. Wengine wamenisikia. Mmoja kaniuliza nina wivu gani na baba yake. Mwingine nilikuta nyumba ina turubai na viti vimepangwa nje. Sikuuliza kulitokea nini. Nilirudi.

Usinilaumu peke yangu. Nilikuandikia kwamba nilikohoa. Ukasema huna la kuuliza.

Najua sasa utakuja, kazi ipotee isipotee. Usiogope kuja. Nimebandika ile picha yako kubwa ukutani, na kila asubuhi kabla ya chai namuuliza Mama huyu nani. Mwanzoni alikuwa anasema mwalimu. Sasa anasema, "Kasuku, binti yangu, mpishi wa kambini." Siku nyingine anasema bila hata kuulizwa. Tukikazana hivi, ukitokea mlangoni atakujua.

Chapchap


28 Septemba

Mdogo wangu,

Nilisoma kikohozi. Nilikisoma, nikaikunja barua, nikaenda kufungasha nguo za mwanangu kwenye mfuko mwekundu. Kwa hiyo sikulaumu peke yako. Hilo tutalibeba wawili, na hatutalizungumza mbele ya Mama.

Nimeomba ruhusa, wameninyima, nimekuja hivyo hivyo. Yaani nakuja. Nitashukia kwa wifi kwanza nimwone mtoto, nitafika nyumbani Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Ile karatasi ya rufaa usiipoteze. Jumatatu tunampeleka Mama hospitali kubwa, mimi na wewe, tumjibie kweli kila tutakachoulizwa.

Na picha yangu itoe ukutani leo hii.

Usimfundishe mimi. Nimekaa miezi yote hii nakula maneno uliyompikia, sasa basi. Nataka nisimame mlangoni kwa miguu yangu, nimwangalie, aniangalie. Akinijua, iwe yeye ndiye kanijua. Asiponijua, nijue na mimi moto umefika wapi. Nimeshajiandaa kwa hilo. Au sijajiandaa, lakini ndivyo itakavyokuwa.

Dada yako


7 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Hii nampa dereva akukabidhi mkikutana njiani. Gia mpya, kitambi kile kile.

Wifi kaleta salamu, Kidagaa anakula vizuri, anauza maji ya uongo kwa kuku. Rufaa ninayo mfukoni, hata kuoga naitundika mahali naiona. Paa nimeziba, kiti chako kikavu.

Picha nimeitoa siku ile ile ulivyosema. Pale ukutani pamebaki mraba, peupe kuliko kwingine. Mama alisimama mbele yake asubuhi nzima, mikono nyuma, kama mtu anasoma tangazo. Sikumwambia kitu. Nilikuwa jikoni nawasha moto.

Baadaye kaja mlangoni. "Yule mwanamke wa pale kaondoka?"

Nikasema kaondoka, atarudi Jumamosi.

"Alikuwa mtu mzuri," kasema. "Hana maneno mengi."

Nilikuwa nataka kucheka, Dada, wewe, huna maneno mengi. Nikainua uso nimwambie. Alikuwa ananiangalia mimi sasa, kwa upole, kwa adabu, vile anavyowaangalia watu waliokuja kwa shughuli na hawajasema shida yao.

"Na wewe kijana," kasema, "mama yako anajua uko huku?"

Nikamwambia anajua.

Kasema vizuri, maana kina mama huwa na wasiwasi. Kisha kafungua kabati, katoa kikombe cha wageni, kile chenye maua ambacho tulikatazwa kukigusa, kakipangusa na khanga yake, kanimiminia chai. Nimeinywa yote.

Mdogo wako